Mzigo wa nyuma kwenye Himalayan: shajara ya keria, boksi na mifuko ya turubai

Shajara hii ni ya mwenye pikipiki ya safari ndefu anayetaka kubeba mizigo bila kuagiza vifaa vya bei ghali kutoka nje. Pikipiki yangu ni Royal Enfield Himalayan ya silinda moja, 411 cc. Niko Nakuru, na safari zangu nyingi huelekea magharibi: Kericho, Kisumu, Kakamega, mara nyingine kaskazini, Kabarnet. Kilichokwenda vizuri nitakipitia haraka. Kilichovunjika nitakieleza kwa urefu, maana hapo ndipo pesa huteketea.

11 Januari 2025: Mizani kabla ya duka

Anayetafuta boksi la pikipiki huulizwa swali moja dukani: unataka la lita ngapi? Niliacha swali hilo kando nikapima uzito kwanza. Mzigo wangu wa wikendi ndefu una hema dogo, mfuko wa kulalia, nguo, koti la mvua, jiko la gesi, chakula kidogo, maji lita 3, spana, pampu na tyubu za akiba. Himalayan hii hutumia tairi za tyubu, la mbele inchi 21 na la nyuma inchi 17, nami hubeba tyubu moja ya kila saizi. Jumla ya vyote: kilo 21.

Kisha nikavigawa sakafuni marundo mawili. Maji, spana, pampu, tyubu na jiko vilifika kilo 11, na vyote viliingia kwenye ndoo moja ya lita 20, nafasi ikabaki. Hema, mfuko wa kulalia, nguo, koti na chakula vilikuwa kilo 10, lakini vingehitaji ndoo tatu kama hiyo. Kwangu mradi uliamuliwa hapo, hata kabla sijajua nitanunua nini: vizito ni vidogo, vyepesi ni vikubwa, na havifai kukaa mahali pamoja.

Hesabu yenyewe ni ya nyenzo, ile ya darasa la fizikia. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma pikipiki hii ina milimita 1,465. Katikati ya boksi likifungwa kwenye keria ya kiwandani, yaani fremu ya kubebea mizigo iliyokuja na pikipiki nyuma ya siti, kwa kipimo changu cha futi, pako milimita 380 nyuma ya ekseli ya nyuma. Gawanya 380 kwa 1,465 upate 0.26. Maana yake, kila kilo moja unayoweka pale hulitwisha tairi la nyuma kilo 1.26, na ile 0.26 iliyozidi imenyang'anywa tairi la mbele. Rundika kilo zote 21 hapo, tairi la mbele linapungukiwa na zaidi ya kilo 5. Tairi la mbele ndilo linalokuelekeza na ndilo linalobeba breki kubwa. Ukipanda mlima au ukiongeza mwendo, linazidi kuwa jepesi.

25 Januari: Kreti

Kabla ya kutoa pesa nyingi nilijaribu cha bei rahisi kabisa: kreti ya plastiki kutoka soko la Wakulima, shilingi 450, na blada za kufungia za shilingi 200. Kwa wasiozijua, blada ni tyubu kuukuu ya gari iliyokatwa vipande virefu, ile ambayo boda boda hufungia magunia, magodoro na hata makochi.

Kreti haikuvunjika. Nilikwenda nayo Mau Narok na kurudi, na nguo zikafika zimekuwa rangi ya barabara. Haifungiki kwa kufuli, haizuii mvua, na kila ukisimama kunywa chai unakaa shingo imegeukia dirishani. Lakini kwa kubeba mboga na mkaa mjini sijaona kinachoishinda, na bado ninayo. Blada nazo zimebaki kwenye mradi mpaka leo, na sioni zikiondoka.

8 Februari: Boksi la plastiki, lita 45

Boksi jipya lenye sahani yake ya kufungia, shilingi 6,500. Linajifunga kwa ulimi mmoja wa plastiki ulio mbele na kulabu mbili nyuma. Lilikaa kwenye keria ya kiwandani kwa klampu nne za umbo la U zilizokuja ndani ya kifurushi. Kazi ya nusu saa na spana namba 10.

Nililijaza kwa makusudi, kilo 15 pamoja na spana zote, nikachukua barabara ya Eldoret hadi Mau Summit. Mambo matatu yalijitokeza, na nayapanga kwa uzito wake.

La kwanza ni upepo wa malori. Kwenye mteremko wa Salgaa ukipishana na trela, upepo wake hupiga boksi lililosimama juu nyuma yako kabla haujakupiga wewe mwenyewe. Mkia wa pikipiki unasukumwa upande, usukani unajibu upande wa pili, na kwa sekunde kadhaa pikipiki inayumba bila kuambiwa. Nilipopunguza mwendo ilitulia. Nilipotoa spana zote boksini na kuzifunga juu ya siti ya abiria, yaani mbele ya boksi, mtikisiko ulipungua kiasi cha kuhisiwa mara moja, kwa mwendo uleule na mahali palepale. Boksi halikubadilika, kilichobadilika ni mahali pa uzito.

La pili ni matuta. Kila kituo cha biashara kina matuta yake, mengine hayana alama wala rangi, na unayaona tairi la mbele likiwa tayari juu. Kwenye tuta moja ulimi ule wa plastiki uliruka. Boksi liliinuka mbele likabaki limeshikwa na blada moja. Blada hiyo niliifunga kwa sababu ya kijana wa boda kwenye steji ya mtaani kwetu, aliyenitazama nikiondoka akasema, "Boss, bila blada hapo huendi mbali." Nilifunga ili kumridhisha tu.

La tatu liligunduliwa nyumbani. Sahani ilikuwa na nyufa nyembamba kwenye tundu tatu kati ya nne za klampu. Klampu zinaikaba plastiki kwenye vidoti vinne tu, na uzito wote unagonga hapo kila ukipita shimo. Dawa yake ni kuiwekea sahani tandiko: bamba la alumini la mm 3, lenye ukubwa sawa na sahani, kati yake na keria, na mpira wa tyubu katikati ya alumini na plastiki. Klampu nilizitupa. Sasa bolti nne za M8, yaani za kipenyo cha mm 8, zinapita plastiki, mpira, alumini, na kushika kipande cha chuma bapa chini ya keria. Bamba, bolti na kutoboa: shilingi 1,200. Nyufa nilizitoboa kitundu kidogo kwenye ncha ili zisiendelee kutembea, na hazijaendelea.

22 Februari: Masanduku ya alumini, nimeyaacha

Yanapendeza, yanafungwa kwa kufuli, hayaingizi maji. Rafiki wa Eldoret aliniruhusu niendeshe pikipiki yake ikiwa nayo. Sitayachukua, kwa sababu mbili zaidi ya bei. Ya kwanza ni upana: usukani wa Himalayan ni kama milimita 840, na masanduku yake yalikuwa mapana kuliko usukani, kwa hiyo panapopita mikono yako, masanduku ya nyuma hayapiti. Ya pili ni miguu. Njia zetu wakati wa mvua ni za tope, na kwenye tope unashusha mguu. Pikipiki ikiendelea mbele huku mguu umezama, kona ya sanduku hukujia nyuma ya muundi. Mfuko laini ukikugonga hapo unakunjika.

Kwa anayekaa kwenye lami tupu, Nakuru hadi Kisumu na kurudi, na anayelala hotelini, ningemshauri achukue masanduku asitazame nyuma. Mimi hulala kwenye hema.

15 Machi: Keria za pembeni, za kwanza

Mifuko laini haiwezi kuning'inia tu. Inahitaji keria ya pembeni iizuie isiguse gurudumu wala ekzosi. Nilichora, nikampelekea fundi wa jua kali. Bomba la duara la inchi robo tatu, geji 18 (geji hupima unene wa chuma, namba ikipanda chuma ni chembamba zaidi), kwa kuwa ni jepesi na ndilo lililokuwepo. Kila upande fremu ya mstatili, inashikwa juu kwenye bolti za keria ya kiwandani na chini kwenye mkono wa kikanyagio cha abiria. Shilingi 4,300 pamoja na rangi.

Zilidumu hadi Molo. Kwenye kilomita chache za changarawe nilisikia mlio mpya, kama kijiko ndani ya kikombe. Upande wa kushoto bomba lilikuwa limepasuka karibu mzunguko mzima. Halikupasukia kwenye kiungo chenyewe. Lilipasukia pembeni yake tu, milimita mbili au tatu kutoka ukingo wa weldi. Upande wa kulia ufa ulikuwa umeanza mahali palepale.

Fundi mwingine, mzee aliyezoea keria za boda, alilishika bomba akaligeuza kwenye mwanga. Nilimuuliza kama weldi ilikuwa mbaya. "Weldi ni nzuri mno," akasema, "ndiyo imelimaliza bomba." Maelezo yake, kwa ufupi: geji 18 ni unene wa mm 1.2 hivi. Aliyechomelea alitumia rodi za geji 10, nene, zinazotaka moto mkali. Moto huo ulilainisha na kulidhoofisha bomba kando ya kiungo, na upande wa pili kulikuwa na chuma bapa cha mm 6 kisichopinda hata kidogo. Kitu chembamba kilichodhoofika kikishikana na kinene kisichopinda, mtikisiko wote unakusanyika kwenye mstari huo mmoja. Injini ya silinda moja haiishiwi mtikisiko.

Halafu akasukuma fremu kwa kidole. Ilicheza kuelekea gurudumu na kurudi. "Na hapa nyuma umeziacha zikihema," akasema. Fremu mbili, kila moja imeshikwa upande wake, hakuna kinachoziunganisha.

5 Aprili: Keria za pili

Hizi ndizo za kunakiliwa. Nilikaa na huyo mzee karibu kutwa nzima, chai juu yangu.

Bomba ni inchi robo tatu lakini geji 16, mm 1.6 hivi. Uzito uliongezeka kidogo sana kuliko nilivyoogopa. Rodi ni geji 12, nyembamba, moto wa chini, na anachomelea vipande vifupi akiruka upande hadi upande ili joto lisikusanyike. Chuma bapa cha kushikia kimepunguzwa kutoka mm 6 hadi mm 4. Kwenye kila kona ya kiungo kuna pembetatu ndogo ya bamba la mm 3, na ncha yake inaishia katikati ya bomba, si kwenye kona, ili kupinda kusambae.

Kubwa zaidi ni bomba la kuvuka: kipande kinachopita nyuma ya namba pleti na kuunganisha fremu ya kushoto na ya kulia. Kimefungwa kwa bolti, hakikuchomelewa, kusudi gurudumu la nyuma litoke bila shida ukipata pancha. Kilipofungwa, ule mchezo wa kidole ulikwisha. Anayetaka kuokoa pesa aokoe kwenye rangi, lakini bomba hili asiliache. Hakikisha halifuniki namba wala indiketa, maana utasimamishwa, na utakuwa huna la kujibu.

Kila kitu kilichomelewa kikiwa mezani, si juu ya pikipiki. Tulikuwa tukifunga, tunaweka alama kwa chaki, tunafungua, tunachomelea, tunarudisha kupima. Inachosha. Lakini pikipiki hii ina kompyuta ya injini, na umeme wa mashine ya kuchomelea ukipata njia kupitia nyaya zake unaweza kuiua. Fundi akikuambia "tutatoa tu terminali ya betri, iko sawa," mwambie hapana, mezani.

Upana sasa. Ekzosi ya Himalayan iko kulia na imeinuka, kwa hiyo fremu ya kulia lazima isimame mbali zaidi. Kushoto, sehemu ya ndani ya mfuko itaanza milimita 180 kutoka mstari wa katikati wa pikipiki. Kulia itaanza 260. Ukiweka mifuko miwili iliyo sawa, pikipiki itaegemea kulia. Waliowahi kubeba maji kwa mzega wanajua: debe lililo mbali zaidi na bega ndilo linaloshusha mti. Kwa hiyo mfuko wa kushoto utakuwa na unene wa sm 18, wa kulia sm 14. Katikati ya wa kushoto kutakuwa mm 270 kutoka mstari, na ya wa kulia mm 330. Kilo 9 kushoto zinalingana na kilo 7.4 kulia. Upana wote kutoka ukingo hadi ukingo unakuwa mm 760, ndani ya usukani.

Shilingi 6,800, pamoja na red oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na rangi nyeusi.

12 Aprili: Mifuko

Sikutafuta duka la mabegi. Nilikwenda kwa mama anayeshona maturubai ya malori na mahema ya harusi, kwa sababu ana cherehani inayotoboa kitu kinene na ana kitambaa chenyewe, turubai la plastiki lenye nyuzi ndani. Nilimwonyesha mchoro: urefu sm 40, kimo sm 30, mdomo mrefu wa kukunja. Akaniuliza, "Mwanangu, hii ni ya kubeba nini, samaki?" Nikamwambia, Mama, hata samaki ikibidi. Akaongeza safu ya pili ya turubai chini na upande wa ndani, panaposuguana na bomba. Wazo lilikuwa lake na ni zuri kuliko yangu yote.

Lita zinatoka 21.6 kushoto na 16.8 kulia. Mdomo unakunjwa mara tatu au zaidi ndipo ufungwe. Mifuko miwili, shilingi 5,200.

Mikanda niliinunua kwa wauza spea kuukuu: mikanda ya siti za gari, shilingi 600 rundo zima. Imara, haiozi kwa jua. Endelea kusoma.

22 Aprili: Safari ya Pasaka

Njia: Nakuru, Mau Summit, Londiani, Kericho, Ahero, Kisumu, kisha Kisian na Ndori hadi Luanda Kotieno, feri hadi Mbita, Homa Bay, Kisii, Sotik, Kericho, nyumbani. Kushoto kilo 9: spana, pampu, tyubu, jiko, chakula. Kulia 7.5: maji na nguo. Juu kwenye boksi 4.5: hema, mfuko wa kulalia, koti.

Salgaa, malori yaleyale, boksi lilelile. Pikipiki ilikwenda kama haina mzigo. Nilishika usukani kwa woga hadi Mau Summit nikingoja ule mtikisiko, haukuja.

Kericho ilinyesha alasiri, kama desturi yake. Hapo mifuko ilipimwa kwa haki. Wa kulia ulikaa mkavu. Wa kushoto uliingiza maji kikombe hivi, na niliyakuta yametulia chini kabisa, spana zikioga. Mdomo haukuwa na kosa. Maji yaliingia kwenye tundu za sindano za mshono wa chini, upande unaotazama gurudumu la nyuma. Mvua iliyotoka juu haikuwa na nguvu ya kupita tundu la sindano. Maji yanayorushwa na tairi kwa mwendo wa barabara kuu ni bomba la kuoshea magari.

Karibu na Ahero nilitoka kwenye lami kumwona jamaa yangu wa huko bondeni Kano. Udongo ule mweusi ukilowa haupitiki kwa viatu, sembuse kwa tairi. Pikipiki ililala upande wa kushoto, taratibu, kwenye tope. Mfuko uliingia kati ya ardhi na pikipiki, na mguu wangu ulikuwa na nafasi ya kutoka. Keria haikupinda. Nilifungua mifuko, pikipiki ikawa nyepesi, wawili tukaiinua.

Baada ya hapo mkanda wa kushoto ulianza kulegea kila baada ya kilomita kadhaa. Kosa ni la mkanda wa siti ya gari. Ni imara kweli, lakini ni mwembamba na umesokotwa laini ili uteleze kwenye mashine yake, na huo ulaini unaufanya uteleze pia kwenye vibano vya kawaida vya begi, hasa ukiwa na tope. Kutoka Kisumu hadi Mbita mifuko ilishikwa na blada. Kwenye feri niliifungua yote miwili nikaishika mkononi. Watu ni wengi, pikipiki zinabanana, na mfuko unaotoka kwa dakika moja ni raha ambayo masanduku hayana.

Kisii hadi Sotik hakuna la kuandika, kona nzuri na ndizi.

Nyumbani niliona la mwisho. Mfuko wa kulia, upande wa ndani, ulikuwa na alama ya kahawia ya ukubwa wa kiganja, turubai limekuwa gumu na linang'aa. Joto la ekzosi. Haukugusa, nafasi ilikuwa kama sm 4. Nikiendesha hewa inapita na hakuna shida. Tatizo ni kusimama ukiwa umetoka kupanda mlima, joto linapanda juu moja kwa moja, na mfuko uko hapohapo.

10 Mei: Marekebisho

Mishono: Mama alikata vipande vyembamba vya turubai lilelile akavibandika kwa gundi yake juu ya kila mshono, nje na ndani. Mifuko sasa inavaa pia mfuko wa ndani nilioutengeneza kwa ile nailoni nene ya kutandika chini ya msingi wa nyumba, geji 1000 (kwenye nailoni namba kubwa ndiyo nene), inayouzwa kwa mita hadwea. Inaungika kwa pasi: weka gazeti juu, pasi ya joto la kati, pitisha polepole, ngoja ipoe kabla ya kuvuta. Kwa kuwa mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, usitegemee kupata ya dukani ya kutosha kazi hii. Gundi na nailoni, shilingi 400. Nilipeleka mifuko mahali pa kuoshea magari, kijana akaipiga bomba kutoka chini bila huruma. Mikavu.

Mikanda: ya inchi moja, ya kufungia mizigo ya lori, yenye vibano vya meno vinavyouma mkanda. Shilingi 1,400. Ile ya siti za gari nimempa jirani, ameifanya kamba ya mbwa.

Joto: bamba la alumini kutoka kwenye sufuria kuukuu, limefungwa kwenye fremu ya keria, si kwenye ekzosi, na limesimama sm 1.5 kutoka kwenye bomba la keria kwa washa zilizopangwa. Nafasi hiyo ndiyo inayofanya kazi. Bamba likigusana na mfuko linakuwa pasi. Shilingi 300 kwa bolti na kukata.

Boksi: nimetoboa tundu ndefu kwenye lile bamba la alumini ili boksi liweze kusogea mbele mm 150 ninaposafiri peke yangu, likalie sehemu ya siti ya abiria. Abiria akiwepo linarudi nyuma. Mbele, katikati yake iko mm 230 nyuma ya ekseli, na kwa kilo 8, yaani boksi na vilivyomo, tairi la mbele linapungukiwa na kilo moja na robo hivi. Kwangu hiyo inatosha, sitaendelea kulifukuzia.

31 Mei: Gharama na ya kuangalia

Nimekwenda Kakamega na kurudi kupitia Kapsabet na mvua ya mawe ya Nandi. Hakuna kilichopasuka, kuyeyuka wala kulowa. Rangi imechubuka mahali mfuko unaposugua. Nitavisha bomba mpira wa tyubu.

Nimetumia shilingi 27,350 kwa jumla. Ukitoa kreti, keria za kwanza na mikanda ya siti za gari, vitu ambavyo wewe huna haja ya kuvinunua, inabaki 22,000. Kati ya hizo, 6,800 za keria ya pembeni ndizo ambazo singepunguza hata senti. Boksi la lita 45 unaweza kuliacha kabisa, ukafunga hema na mfuko wa kulalia kwa blada juu ya siti ndani ya gunia lisiloingiza maji. Mimi nimelibakiza kwa sababu ya kufuli: nikiwa mjini helmeti na karatasi zinabaki ndani, na soja wa maegesho hana cha kulinda zaidi ya pikipiki. Mifuko ya turubai hukatwa kwa wembe, kwa hiyo usiku inaingia ndani ya hema nami.

Bolti zote za keria ni M8, nati zenye pete ya nailoni ndani ili zisilegee, washa pana pande zote mbili. Zikaze tena baada ya kilomita 100 za kwanza, kisha kila unapobadilisha oili. Kwenye pembetatu za viungo pitisha kidole kila unapoosha pikipiki; ufa huanza kama unywele, na rangi inayobanduka kwa mstari ulionyooka ndiyo dalili yake ya kwanza.